Daraja Lisilo na Mwenyewe

Nyumbani,
9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu inatugombanisha. Mara ya mwisho hata salamu hazikuisha: wewe ukaniita mkaidi, mimi nikakuita bosi, ukakata. Karatasi ina heri yake, mtu hawezi kuikata katikati ya sentensi.

Mama hajambo. Cherehani yake bado inalia barazani tangu asubuhi, sare za shule zimejaa hadi kitandani kwangu. Anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka jana. Ukimuuliza amejuaje, anasema sauti yako imekonda.

Sasa habari yenyewe. Daraja letu la miguu, lile la kuvuka korongo, limefungwa. Mwanafunzi mmoja wa kike alikanyaga ubao uliooza, mguu ukazama hadi gotini, akapasuka vibaya. Baraza lilikutana, na madiwani wakaona heri lawama kuliko fedheha. Basi pakapigiliwa mbao za kuzuia na bati jekundu lenye maandishi "HAKUNA KUPITA". Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi kama sheria inavyotaka.

Unajua shida yake. Huku juu ni halmashauri yetu, ng'ambo ni halmashauri yenu, na daraja liko katikati kama mtoto wa talaka. Tumewaandikia ninyi ili tulitengeneze kwa pamoja. Barua itakuwa imefika mezani kwenu. Nakuomba, kwa kuwa wewe ni ofisa mipango hapo na si mgeni, isukume kidogo. Wiki chache tu na watu watapita.

Anayelalamika zaidi hapa nyumbani ni mama. Unajua yeye na Mama Redio. Yeye na huyo bibi waliolewa mwaka mmoja, mmoja upande huu na mwingine ule, na tangu nipate akili sijaona alasiri ambayo mmoja hakuvuka kwenda kwa mwenzake. Na habari je? Hakuna lililotokea katika pande mbili hizi ambalo halikupita kwanza kinywani mwa Mama Redio. Jina hilo hakupewa bure. Sasa mama anakaa na kikombe chake peke yake na ananitazama kana kwamba nimemfungia hewa.

Nimemwambia avumilie. Wewe sukuma barua.

Mdogo wako,
Mheshimiwa Diwani (usicheke, ndivyo wanavyoniita)


Ofisini,
27 Machi

Mheshimiwa,

Marahaba. Nimecheka, tena kwa sauti, hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepandishwa cheo. Wewe uliyekuwa ukilia ukiambiwa uoge leo ni Mheshimiwa. Kweli usidharau wembe kwa udogo wake.

Niambie kwanza, nani alitoa hoja ya kufunga daraja bila kuwauliza wanaopita juu yake? Mtu huyo hajawahi kuwa na jirani. Ubao mmoja umeoza, mnafunga njia nzima! Ninyi mna zahanati upande wenu, sisi huku hatuna hata duka la dawa karibu na korongo. Watu wa huku wakiugua wanavuka kuja kwenu, ama wanazunguka na barabara kuu nusu siku. Hilo mlilizungumza? Au tangazo lilibandikwa ndani ya ofisi, karibu na mlango wa choo, ambapo hasomi mtu ila karani mwenyewe?

Sikugombezi. Nakwambia kama mtu aliyekaa ofisini muda mrefu kuliko wewe. Mkiitisha mkutano wa wananchi, msiuitishe saa nne asubuhi siku ya kazi. Watakuja wasio na kazi na wenye kesi.

Kuhusu barua yenu, imefika. Inafanyiwa kazi.

Mwambie mama sauti yangu haijakonda, ni simu mbovu. Na umzungushe walau mara moja kwa gari akamwone mwenzake. Gari la halmashauri lisiwe la kupeleka madiwani harusini tu.

Dada yako


Nyumbani,
18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, lakini si kwako.

Jibu la halmashauri yenu limefika. Mstari wa kwanza unatushukuru. Wa pili unasema daraja hilo halimo katika mali za halmashauri yenu. Wa tatu unatushauri "tuwasiliane na mamlaka husika". Dada, mamlaka husika ni nani? Ni mto? Aliyeandika yale amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, hajawahi kuvuka hata mfereji. Hebu niambie ni nani huyo, nimjue. Mtu anaweza kukukatalia na bado ukahisi amekuona. Huyu hakutuona.

Mkutano tuliuitisha. Ndiyo, saa nne asubuhi, ndiyo, siku ya kazi, kwa sababu barua yako ilifika tumeshatangaza. Viti vilikuwa vingi kuliko watu. Mzee mmoja alikaa mstari wa mbele, nikafurahi, kumbe alikuwa anakimbia mvua. Tulipouliza kama kuna maoni akasema paa letu linavuja.

Mama nilimtafutia nafasi kwenye gari, gari likaharibika. Basi akaenda mwenyewe na mabasi, akabadilisha moja na jingine, akafika kwa Mama Redio jioni, wakakaa kidogo, akalala huko. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba kama mito. Akasema harudii, mwili umekataa.

Sasa unajua wanafanya nini? Alasiri mama anateremka hadi kwenye bati jekundu, na Mama Redio anakuja upande wake, na wanapigiana kelele juu ya korongo. Wazee wawili, kama wauza mitumba! "Umekula?" "Nimekulaa!" "Mkweo amejifungua?" "Bado, tumbo limeshuka!" Vijana wa pale wanakaa kusikiliza, maana siri za nyumba nyingi zinapita hewani. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilipita njia nyingine.

Mdogo wako


Ofisini,
5 Mei

Mdogo wangu,

Uliniuliza ni nani aliyeandika jibu lile. Ni mimi.

Usiitupe barua hii, isome hadi mwisho. Mkurugenzi aliniita akaniambia, "Tukikubali ubao mmoja tumekubali daraja zima, na tukikubali daraja tumekubali kila atakayeanguka." Akataka jibu kabla ya chakula cha mchana. Niliandika. Nilijua ni daraja gani. Nilijua hata ubao upi unalia ukiukanyaga. Lakini unapokaa kwenye kiti hiki siku nyingi, mkono unajifunza kuandika peke yake, "halimo", "tunashauri", "mamlaka husika", na wewe unautazama tu kama mkono wa mtu mwingine. Sahihi ni ya mkurugenzi, maneno ni yangu. Na nilipokuandikia kwamba barua inafanyiwa kazi, jibu lilikuwa limekwisha kupigwa muhuri.

Nilikuwa na aibu. Bado ninayo.

Nimerudi kwa mkurugenzi. Nimemwomba aruhusu wahandisi wa pande zote wakutane pale darajani wapime pamoja, bila mtu kusema ni la nani. Amekubali kwa shingo upande. Angalau hilo.

Nawe nakuomba neno moja. Kamtafute huyo aliyetoa hoja ya kufunga, akae na watu awaambie kwa nini. Watu wanaweza kumeza jambo chungu likitoka kwa mtu mwenye uso. Wasichoweza kumeza ni "baraza limeamua".

Mama usimwambie kuhusu barua. Nitamwambia mwenyewe nikija.

Dada yako


Nyumbani,
30 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilikasirika, nikakaa na hasira juu yako wiki nzima, kisha ikaisha. Nani asiye na mkono wa namna hiyo? Tuliache.

Wahandisi walikuja. Ningekuwa na kipaji ningetunga mchezo wa kuigiza. Wa kwetu alisimama mwanzo wa daraja upande huu, wa kwenu mwanzo wa daraja upande ule, wote na kofia nyeupe. Hakuna aliyetaka kukanyaga. Kila mmoja ameonywa na bosi wake kwamba akilikanyaga amelikubali. Wa kwetu akataka kupima urefu, lakini utepe unahitaji mtu wa kushika ncha ya pili.

"Shika hapo!" akapaza sauti.

"Sina maagizo ya kushika!" akajibu wa kwenu.

Mwisho kijana mmoja fundi seremala wa mtaani, mwenye karakana pale karibu na kituo cha basi, akaingia mwenyewe chini ya zile mbao za kuzuia, akatembea hadi ng'ambo na utepe mkononi, akarudi. Akasema mbao zilizooza ni chache, nguzo ni nzima, na yeye angeweza kubadilisha hizo mbovu kwa siku moja bila malipo. Mhandisi wetu akamjibu kuwa hajasajiliwa kama mkandarasi. Yule kijana akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka.

Nilikuwepo, dada. Sikusema kitu. Nilijiambia utaratibu ni utaratibu.

Jana mama alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. Mama hajawahi kusimama mlangoni kwangu, huwa anaingia.

"Mwanangu, Mama Redio hajaja pale ukingoni tangu juzi. Wanasema kifua kinambana. Niondolee ubao mmoja tu, nipite nikamwone, kisha urudishie."

"Mama, nikikufungulia wewe itabidi nimfungulie kila mtu."

"Basi wafungulie."

Nikamweleza kuhusu usalama, dhima, mwanafunzi aliyeumia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya," akaenda zake. Ungekuwepo ungeisikia ile "haya".

Nimempigia mkurugenzi wetu. Amesema vikao vya bajeti vinakaribia.

Mdogo wako


Nyumbani,
14 Juni

Mwanangu wa kike,

Mdogo wako anakuandikia sana, leo naandika mimi. Macho hayajambo nikivaa miwani ya kushonea.

Mama Redio amefariki. Umeshasikia kwa simu, najua. Lakini nataka usikie kwangu namna ilivyokuwa, maana kwa simu watu wanasema "pole" kabla hujamaliza.

Kifua kilimbana. Wanawe wangemvusha kuja zahanati ya huku, ni hatua kidogo tu na mteremko, wangembeba kwenye kiti kama alivyobebwa mwaka ule wa homa. Wakafika darajani wakakuta mbao na bati. Kijana wake mkubwa alitaka kuzing'oa. Yeye mwenyewe akamkataza, akasema asije akafungwa kwa ajili ya kizee. Wakamrudisha nyumbani wapate gari la kuzunguka. Gari likapatikana kesho yake. Alifika hospitali akiwa anapumua, kisha akaacha.

Habari ilinifikia kwa mtu kupiga kelele kutoka ng'ambo. "Mwambieni fundi cherehani kuwa mwenzake ameondoka!" Nilikuwa napima mtoto mabega. Nikamaliza kumpima, sijui kwa nini. Nilimaliza na kiuno nikaandika.

Mdogo wako alipata gari mara hiyo. Lilipatikana upesi kweli. Tukazunguka. Tulipofika walikuwa wanakusanya majembe. Watu walinipisha nikasimama pale kwenye udongo mbichi, na mtu mmoja akaniletea kiti, nikakaa, na sikuwa na la kufanya na mikono yangu.

Siku ya mwisho nilipomwona alikuwa amejifunika kanga mbili, ng'ambo pale. Alinipigia kelele maneno marefu. Upepo ulikuwa mkali na sauti yake imekwisha kukauka. Sikusikia. Sikutaka kumchosha arudie, nikamwitikia tu, "Ndiyo! Ndiyo!" Akapunga mkono, akaondoka ameridhika. Mpaka leo sijui nilimkubalia nini.

Nakuuliza neno moja, na unijibu kwa karatasi kama ninavyokuandikia. Wewe uko katika ofisi ile ya ng'ambo. Ulijua kwamba tumefungiwa?

Mama yako


Ofisini,
21 Juni

Mama,

Shikamoo.

Nilijua. Na nilifanya zaidi ya kujua. Waliponiomba nisaidie, niliandika barua ya kukataa, kwa sababu niliambiwa niandike na kwa sababu ilikuwa rahisi. Sikumfikiria Mama Redio. Nilifikiria faili liondoke mezani.

Alinibeba mgongoni kwenye daraja lile nilipokuwa naogopa kutazama chini. Aliniambia nifumbe macho, yeye ataona kwa niaba yetu wote wawili. Hilo nimelikumbuka sasa, mama, wakati halina kazi.

Nitakuja. Usiponifungulia mlango nitaelewa.

Binti yako


Nyumbani,
20 Julai

Dada,

Shikamoo. Ulikuja na ukaondoka, na tulikaa chumba kimoja siku zote zile hatukuweza kusema haya. Mama alikufungulia mlango, nilishukuru. Mimi je? Kulikuwa na jambo sijakwambia, na sasa umeshalisikia kwa watu kabla ya kwangu, kama ilivyo desturi yetu katika familia hii.

Ulipokwisha kuondoka nilifuata ushauri wako. Mkutano tuliuweka jioni, baada ya watu kutoka kazini, na hatukuuweka ukumbini. Tuliuweka pale pale darajani. Gari la matangazo lilipita mitaani siku kadhaa, upande wetu na upande wenu. Mkurugenzi wenu alikuja, najua ni wewe uliyemleta, alikuwa na uso wa mtu aliyevutwa sikio. Watu walijaa kingo zote mbili hadi wengine wakakaa juu ya mawe. Vipaza sauti viwili, kimoja huku kimoja kule. Kwa mara ya kwanza halmashauri hizi mbili zilisemeshwa na watu wale wale kwa wakati mmoja, na hakukuwa na pa kukimbilia.

Kijana mkubwa wa marehemu alishika kipaza sauti ng'ambo. Hakutukana. Akasema, "Mimi nina swali moja. Nani alitoa hoja ya kufunga?"

Mwenyekiti wetu akasema baraza liliamua kwa pamoja.

"Baraza halina mdomo," yule kijana akasema. "Nani alifungua mdomo?"

Karani akatazama viatu vyake. Madiwani wenzangu wakatazama korongo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuliona. Mama alikuwa amekaa mbele, kwenye kile kiti chake cha kushonea, amekiagiza kiletwe.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi."

Dada, nilikuwa na sababu zangu zote tayari. Yule mwanafunzi alikuwa ameumia kweli. Niliona tukifunga kabisa, wenzetu wa chini wataona aibu, watakuja mbio kutengeneza, na mimi nitakuwa diwani mgeni aliyefanikisha jambo ndani ya mwezi. Nilipotoa hoja ile walinipigia makofi. Nilitembea kurudi nyumbani nimejaa kama puto. Haikunijia hata mara moja kumuuliza mtu, hata mama niliyekuwa nakula naye sahani moja. Wewe uliniuliza mara mbili kwenye barua zako ni nani, na mara mbili nikapita pembeni.

Niliyasema hayo yote kwenye kipaza sauti, vibaya vibaya, naruka maneno. Nikasema pia kwamba seremala alijitolea nikanyamaza. Sijui kama watu walinihurumia au walichoka. Yule kijana alisema, "Asante kwa kusema." Tu. Ningependa angenitukana.

Mengine yalikwenda vizuri, na hilo nalo linauma, kwamba lilikuwa linawezekana. Wamechagua kamati moja ya wakazi wa pande zote, seremala yumo, mwalimu wa shule ya ng'ambo yumo, na mwanamke mmoja muuza mboga ambaye hana mchezo. Kila jambo la korongo, daraja, maji, njia, litapita kwao kwanza, na halmashauri zote mbili zitakaa nao kila mwezi, mwezi huu kwetu, mwezi ujao kwenu. Mkurugenzi wenu alitia sahihi akiwa amesimama. Wa kwetu akatia baada ya kuona wa kwenu ametia.

Nilimsindikiza mama nyumbani. Nilikwenda kunawa, niliporudi nikakuta ameniandalia chakula mezani, na kitambaa, na sahani ile ya wageni.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema, akaenda kula jikoni.

Mdogo wako


Ofisini,
12 Septemba

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika kama ofisa. Nimechana kurasa nyingi.

Nilikukasirikia. Nilikusema vibaya ndani ya moyo kwa maneno ambayo mama hajui kama nayajua. Kisha nikakumbuka kwamba ulifunga ukidhani mtu wa upande wa pili atajibu kama binadamu, na mtu wa upande wa pili nilikuwa mimi. Wewe ulipiga misumari, mimi nikapiga muhuri. Halmashauri hizi zimekuwa majirani tangu babu, na kazi ya kwanza ziliyoshirikiana hadi ikakamilika ni ile.

Daktari wa hospitali alikofikishwa Mama Redio nilimfuata. Sikupaswa, lakini nilimfuata. Nikamuuliza kama angefika zahanati siku ile ya kwanza ingekuwaje. Akasema pengine angepona, pengine kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika. Nikamwambia achague moja. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, kazi yangu haina kuchagua hapo." Kwa hiyo nimerudi na hiyo "pengine" na ninalala nayo.

Mkataba wa matengenezo umepita. Niliuandika mwenyewe, na kabla ya kuupeleka kwa mkurugenzi niliisomea kamati ya wakazi kwa sauti, sentensi moja moja. Muuza mboga alinisimamisha kila dakika. "Hapo umesema nini?" Nikieleza, anasema, "Basi andika hivyo ulivyoeleza." Tumeandika hivyo. Ni mkataba wa kwanza kutoka ofisi hii ambao mtu anaweza kuusoma bila kumwita mwanasheria. Mkurugenzi alisema unaonekana kama barua ya mapenzi. Akatia sahihi.

Seremala yule wamempa kazi chini ya mkandarasi. Nilisimamia hilo.

Je, mama ameanza kula na wewe?

Dada yako


Nyumbani,
3 Desemba

Dada,

Shikamoo. Umeniuliza kama mama ameanza kula nami. Ameanza. Haikutangazwa, siku moja nilikuta sahani moja kubwa badala ya mbili, nikakaa, nikala, nikaogopa hata kukohoa. Lakini bado kuna vitu haniulizi tena. Zamani alikuwa akiniuliza, "Leo baraza limesema nini?" Sasa haulizi. Nami nikitaka kumwambia, naanza, kisha naona namsomea ukuta.

Daraja lilifunguliwa Jumamosi. Ungeliona. Mbao mpya kabisa, bado zina harufu, na vishikio vya chuma pande zote, urefu wa kiuno cha mtoto na cha mtu mzima, vyuma viwili viwili, muuza mboga ndiye aliyedai. Taa pia. Kibao hakina jina la kiongozi yeyote. Kamati ilikataa. Kimeandikwa tu nani wa kuambiwa ubao ukilegea, wa huku na wa ng'ambo, na nambari zao.

Hakukuwa na utepe wa kukata. Kamati iliamua mkazi mzee kuliko wote wa kando ya korongo avuke wa kwanza, na kwa upande wetu mzee huyo ni mama. Hawakuniuliza. Walikwenda kumwomba wenyewe, naye akakubali kwa kuwaheshimu. Akavaa ile nguo yake ya kijani aliyojishonea kwa harusi yako.

Alitembea polepole hadi mwanzo wa daraja. Watu walikuwa wanapiga makofi kingo zote mbili, wakurugenzi wote wawili wamesimama bega kwa bega kama mapacha, na watoto wa shule ya ng'ambo wamepanga mstari wakimsubiri. Akashika kishikio. Akatazama ng'ambo, muda, hadi makofi yakaanza kupungua yenyewe.

Muuza mboga akamwambia kwa upole, "Vuka, mama. Ni imara."

Mama akamgeukia. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia tu, "Nivuke niende kwa nani?"

Wa nyuma walidhani ni utani, wakacheka. Wa mbele hawakucheka. Yule kijana wa marehemu alikuwa katikati ya watu wa ng'ambo, nikamwona anainamisha kichwa.

Mama akaachia kishikio. Akamshika mkono msichana mmoja wa shule aliyekuwa karibu, akamsogeza mbele, akamwambia, "Nenda wewe." Msichana akavuka mbio, na watu wakamfuata, na makofi yakaanza upya, na kwa kweli ilikuwa siku nzuri kwa watu wengi. Sitaki kukuandikia kana kwamba haikuwa.

Mimi na mama tulirudi nyumbani. Alikataa nimshike mkono. Nilitembea nyuma yake kidogo, kama tulivyokuwa tukimfuata tukiwa wadogo, na kutoka nyuma niliona kwamba amezeeka mwaka huu mmoja kuliko miaka yote ya nyuma. Kule nyuma yetu watu walikuwa wanavuka, wanakwenda na kurudi, wanavuka tena bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kuvuka, na sauti za viatu vyao juu ya mbao zilitufuata hadi tulipoingia ndani na mama akafunga mlango.

Mdogo wako